Chumvi hufanyaje barafu iyeyuke?

Chumvi haiipashi barafu joto. Inachofanya ni kushusha kiwango cha kuganda, yaani nyuzijoto ambazo maji hugeuka barafu. Maji matupu huganda kwenye nyuzi 0 za Selsiasi. Maji ya bahari, yenye gramu 35 hivi za chumvi katika kila kilo, huganda karibu na −1.9. Chumvi ikifika asilimia 10 ya uzito huganda karibu na −6.5, na ikifika asilimia 23.3 ni −21.1. Hapo ndipo uwezo wa chumvi ya kawaida unapokomea. Ukizidisha, haisaidii tena.

Juu ya barafu, hata ile inayoonekana kavu, kuna utando mwembamba wa maji. Molekuli, yaani chembe ndogo kabisa za maji, hubanduka kutoka kwenye barafu na kuingia majini, nyingine hurudi kuganda. Kwenye nyuzi 0 zinazobanduka ni sawa na zinazorudi. Chumvi ikishaingia kwenye utando huo hugawanyika kuwa ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za sodiamu na kloraidi. Molekuli za maji zinazorudi hupungua, lakini zinazobanduka haziachi, basi barafu inaliwa kidogo kidogo.

Kila gramu ya barafu inayoyeyuka hufyonza joto la jouli 334 hivi kutoka kwa chochote kilicho karibu. Ndiyo maana ndoo yenye kilo tatu za barafu iliyopondwa na kilo moja ya chumvi inaweza kushuka hadi karibu na −20, baridi ya kutosha kugandisha aiskrimu. Usitie mkono mtupu humo: ngozi huungua kwa baridi.

Kwa anayeishi penye theluji, kama Minnesota (Marekani) au Toronto (Kanada), kazi ya kusafisha njia huanza na koleo, si chumvi. Ukiimwaga juu ya theluji nene, maji yanayotoka huizimua chumvi, na usiku yanaganda upya yakiwa utelezi mbaya kuliko wa mwanzo. Ondoa theluji kwanza, kisha nyunyiza chembe zikiwa zimeachana. Chumvi ya kujaza kikombe kikubwa cha kahawa (mililita 350 hivi) inatosha njia ya gari yenye urefu wa mita 6. Ipe muda, kwa sababu kadiri baridi inavyozidi ndivyo inavyochelewa.

Angalia ubaridi wa njia yenyewe, si wa hewa tu. Chini ya −9 hivi chumvi ya kawaida hufanya kazi polepole mno. Tumia kloraidi ya kalsiamu, chumvi ya aina nyingine ambayo hutoa joto inapoyeyuka, au mwaga mchanga. Mchanga hauyeyushi kitu, ila miguu inapata kushika.

Chumvi ya ziada hutia kutu magari, hubandua uso wa zege na kuua mizizi. Ikifika ziwani haiondoki: kijiko kimoja cha chai kinatosha kuchafua lita 19 za maji yasiyo na chumvi. Njia ikikauka, fagia chembe zilizobaki, uziweke kwa ajili ya theluji ijayo.