Plagi za shaba na za platinamu: tofauti iko nchani tu

"Bosi, hizi za shaba, hizi za platinamu." Ukienda kutafuta plagi za gari Kariakoo, muuza spea atakupangia boksi mbili juu ya kaunta kwa maneno hayo, na kosa la kwanza limeshafanyika. Plagi anayoiita ya shaba haina ncha ya shaba. Shaba imo ndani, katikati ya elektrodi (kijiti cha chuma kinachopeleka umeme hadi nchani), kwa sababu inapitisha umeme na kuondoa joto vizuri. Ncha yenyewe ni aloi ya nikeli, maana shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi na ingelika upesi. Plagi ya platinamu nayo kwa kawaida ina shaba hiyohiyo ndani, ila nchani imechomelewa kipande kidogo cha platinamu.

"Platinamu inaongeza nguvu." Haiongezi. Nguvu ya injini hutoka kwenye petroli na hewa. Cheche ya plagi kazi yake ni kuwasha mchanganyiko huo kwa wakati wake. Dereva anayetoka gereji akisema gari imekuwa nyepesi hadanganyi, lakini analinganisha plagi mpya na zile alizozitoa, zilizolika kingo, gepu (nafasi inayorukwa na cheche kati ya elektrodi ya kati na ya pembeni) limepanuka, injini inamisi, yaani inakosa kuwaka sawasawa, kila akipanda mlima. Angefunga mpya za nikeli angeusikia wepesi uleule. Habari ya kula mafuta kidogo ni hivyohivyo: kinachookoa petroli ni kuondoa plagi zilizochoka.

Unachonunua kwenye platinamu ni muda. Inayeyuka kwenye nyuzi 1,768, hailiki haraka, kwa hiyo gepu hukaa vilevile kwa safari ndefu. Plagi za nikeli kwa kawaida hubadilishwa baina ya kilomita 20,000 na 40,000. Za platinamu nyingi hufika 100,000. Hapo hesabu inategemea gari lako. Injini ya silinda nne yenye plagi zilizosimama juu, mtu mwenye spana anamaliza kabla chai haijapoa, na nikeli haina ubaya kama ndiyo iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Lakini kuna V6, injini za silinda sita katika safu mbili, zilizowekwa kwa kukingama, plagi tatu za nyuma zimejificha chini ya manifoldi, yale mabomba ya kuingizia hewa. Huko ufundi unaweza kuzidi bei ya plagi zenyewe, na mimi nisingependa kuurudia kila mwaka.

"Basi funga yoyote, haina madhara." Mara nyingi injini itawaka, ni kweli. Tatizo ni magari ambayo koili moja, kifaa kinachotoa umeme wa cheche, inahudumia silinda mbili. Plagi moja hupokea umeme ukitoka elektrodi ya kati kwenda ya pembeni, mwenzake huupokea kinyume. Kwa hiyo nusu ya plagi zinalika upande wa kati na nusu upande wa pembeni, ndiyo maana injini za namna hiyo hupewa plagi zenye platinamu pande zote mbili. Ukifunga yenye platinamu upande mmoja, nusu ya pesa yako imekaa upande usiofaa.

Kuna pia msasa. Fundi anatoa plagi, anaisugua ncha, anairudisha. Kwa nikeli unapata nafuu ya siku chache. Kwa platinamu unakikwangua kile kipande kidogo ulichokilipia. Gepu nalo lipime hata kama plagi ni mpya, maana boksi huanguka njiani. Ukilirekebisha, pinda elektrodi ya pembeni tu, usiegemeze kifaa kwenye ncha ya kati.

Linaloniudhi zaidi ni hili: watu hubishana kuhusu madini na kusahau namba ya joto, inayoonyesha plagi inaondoa joto haraka kiasi gani, ilhali plagi yenye joto kupita kiasi inaweza kutoboa pistoni, na iliyo baridi mno hujaa masizi. Wala si kweli kwamba namba kubwa ni bora. Kwa plagi za kampuni za NGK na Denso, namba ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi; kwa Bosch ni kinyume. Kwenye BKR6E-11 ya NGK, 6 ndiyo namba ya joto, 11 ni gepu la milimita 1.1. Usiige plagi uliyoikuta ndani ya gari, huenda mwenye gari wa kwanza alikosea. Kitabu kilichokuja na gari kutoka Japani kinaweza kuwa cha Kijapani kitupu, lakini namba za plagi zimeandikwa kwa herufi zetu hizihizi.