Modeli halisi hujulikana kwa kasoro zake

Wanaoanza kukusanya modeli za vyombo vya anga zilizotumika katika filamu na tamthilia za zamani za kubuni kisayansi hunitumia picha za kitu wanachotaka kununua, wakisifu jinsi kilivyokamilika kila upande. Kwangu mimi, ukamilifu huo ndio unaotia shaka. Modeli ya studio ilitengenezwa kwa ajili ya kamera, mara nyingi kwa haraka na kwa fedha kidogo, na fundi hakuwa na sababu ya kuhangaika na upande ambao mtazamaji asingeuona.

Ushahidi ulio wazi kabisa ni modeli kubwa ya Enterprise, chombo cha anga cha tamthilia ya Star Trek. Ilijengwa mwaka 1964, ina urefu wa takriban mita 3.4 na uzito wa kilo 90 hivi. Taa zilipoongezwa baadaye, nyaya zake ziliingizwa kwa upande wa kushoto, na kwa sababu hiyo ikawa inapigwa picha kutoka kulia tu, huku upande wa pili ukiachwa bila madoido. Makumbusho ya Smithsonian yaliipokea mwaka 1974, na katika miaka iliyofuata ilipakwa rangi upya zaidi ya mara moja. Wataalamu walioikarabati kwa ajili ya maonyesho ya 2016 waliongozwa na rangi ya sehemu ya juu ya sahani kubwa ya mbele, ambayo warekebishaji waliowatangulia hawakuifunika. Ndiyo maana humsihi kila mwenye modeli ya zamani asiisugue wala kuipaka chochote, hata kama inaonekana chakavu. Anayeing'arisha anafuta ushahidi wake mwenyewe.

Kwa modeli za miaka ya 1970, hasa za filamu ya Star Wars ya 1977, kinachotazamwa zaidi ni vipande vidogo. Mafundi walinunua maboksi ya modeli za plastiki za kuunganisha, za vifaru na ndege za kivita, wakachukua vipande walivyovitaka na kuvibandika juu ya chombo chao ili kionekane kimejaa mitambo. Watengenezaji wa nakala nao wanavijua vipande hivyo na wanavitafuta kwa bidii ya ajabu, kwa hiyo kukuta kipande sahihi hakutoshi. Mimi huweka picha ya modeli kando ya fremu ya filamu na kutafuta bahati mbaya za fundi: kipande kilichokaa upogo kidogo, gundi iliyochuruzika, mstari wa rangi uliopita mahali pasipostahili. Mambo haya yakilingana matano au sita kwa pamoja, ni vigumu kusema ni sadfa.

Soko linalipa kwa uhakika wa namna hiyo. Modeli ya X-wing ya Red Leader, chombo cha kivita cha filamu hiyo ya Star Wars, iliyopatikana ndani ya boksi katika mali za fundi Greg Jein baada ya kifo chake mwaka 2022, iliuzwa mnadani Oktoba 2023 kwa zaidi ya dola milioni 3.1 za Marekani.

Hata hivyo, uhalisi wa kitu na haki ya kukimiliki ni mambo mawili tofauti, na wanunuzi wengi hulisahau la pili. Modeli ndogo ya Enterprise, yenye urefu wa sentimita 84 hivi, iliazimwa kutoka kwa Gene Roddenberry, muasisi wa tamthilia hiyo, katika miaka ya 1970 na haikurudishwa. Mwaka 2023 ilijitokeza ikitangazwa kuuzwa kwenye intaneti. Wataalamu wa mnada waliikagua na kuridhika kwamba ndiyo yenyewe, lakini haikupigwa mnada. Aprili 2024 ilitangazwa kwamba imerejeshwa kwa mwana wa Roddenberry. Kwa hiyo, kabla sijafungua picha hata moja, humwomba muuzaji anieleze kwa maandishi kitu hicho kilitokaje studio, kilipita mikononi mwa nani, na kwa idhini ya nani.