Je, wajua kwa nini mota iliyolala masika nzima husoma vibaya ilhali haijaungua?

Mwenye mashine ya kusaga anapofungua banda lake mwezi wa Juni, baada ya kulifunga tangu mvua za masika zilipoanza, fundi mwangalifu humzuia asiwashe mota mpaka upimwe kwanza ukinzani wa kihami chake, yaani uwezo wa kihami hicho wa kuuzuia umeme usipite. Si ajabu kipimo kikaonyesha namba ndogo ya kutisha, na papo hapo mwenye mashine akaanza kupiga hesabu ya kusuka mota upya. Hofu hiyo huja mapema mno, kwa sababu namba moja peke yake haisemi kama mota imekufa, imelowa au ni chafu tu.

Kihami ni vanishi iliyopakwa juu ya waya wa shaba pamoja na karatasi ngumu zilizotandikwa katika mifereji ya chuma ambamo koili, yaani waya huo uliozungushwa, hulala, na kazi yake ni kuuzuia umeme usitoke kwenye waya ukaingia kwenye bodi ya mota. Hakuna kihami kinachozuia kabisa. Kila kimoja huvujisha kidogo, na swali ni kidogo kiasi gani. Maltimita ya kawaida haiwezi kulijibu swali hilo, maana hupima kwa volti chache za betri, nazo hazina nguvu ya kusukuma umeme katika ufa mwembamba ambao volti 400 za kazini zitaupenya bila shida. Ndiyo sababu hutumika kifaa ambacho mafundi wengi hukiita Megger, ambalo kwa asili ni jina la kibiashara. Kwa mota ya volti 400 kifaa hicho husukuma volti 500 za umeme wa mkondo mnyoofu, kisha husoma ukinzani kwa megaomu, yaani mamilioni ya omu.

Kabla ya kuilaumu mota, yafaa kuhakikisha kwamba ni mota kweli inayopimwa. Tuseme fundi amezima umeme, ameifunga swichi kuu kwa kufuli, amepima kutokea kwenye kisanduku cha kuwashia na kupata megaomu 0.8. Akifungua kebo kwenye mota yenyewe na kupima tena kati ya koili na bodi, mahali palipokwanguliwa rangi, anapata 2.5. Maana yake ni kwamba kebo, ambayo huenda imelala kwenye maji chini ya sakafu, ndiyo iliyokuwa ikivuja zaidi kuliko mota. Kama mota inaendeshwa na kifaa cha elektroniki cha kubadilishia mwendo, sharti kitenganishwe kabla ya kupima, la sivyo volti 500 zitakiharibu.

Jambo la pili ni joto, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Ukinzani wa kihami hupungua takriban nusu kila joto linapopanda nyuzi 10 za Selsiasi, kwa hiyo namba isiyoandikiwa joto la koili haina maana kubwa. Kiwango nambari 43 cha IEEE, taasisi ya kimataifa ya wahandisi wa umeme, kinataka mota za chini ya volti 1,000 zisipungue megaomu 5 kwenye nyuzi 40. Mota iliyosoma 8 ikiwa na nyuzi 30 ni sawa na 4 kwenye nyuzi 40, kwa hiyo imeshindwa. Iliyosoma 2 tu ikiwa bado moto wa nyuzi 70 ni sawa na 16, na imefaulu vizuri.

Jambo la tatu ni mwendo wa namba yenyewe. Kihami kikavu hunyonya umeme taratibu, hivyo ukinzani huonekana ukipanda kadiri sekunde zinavyopita. Namba inayogota palepale tangu sekunde ya 30 hadi ya 60, tena ikiwa ndogo, kwa kawaida ni dalili ya unyevu au uchafu. Katika banda la kusagia uchafu huo ni vumbi la unga, ambalo hunyonya unyevu wa hewa na kuugeuza uso wa koili kuwa njia ya umeme.

Mota ya namna hiyo hukaushwa. Hufunguliwa, hupulizwa vumbi, kisha koili huwekwa kwenye joto lisilozidi nyuzi 90 hivi, likipandishwa polepole ili mvuke usipasue vanishi. Iliyoingiwa na maji ya bahari huoshwa kwanza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi ikibaki itavuta unyevu upya hata baada ya kukaushwa. Kinachowashtua wasiozoea ni kwamba katika saa za mwanzo kipimo huzidi kushuka, kwa sababu koili imepata moto na maji bado yamo ndani. Baadaye hupanda, na kinapotulia juu bila kubadilika, kazi imekwisha.

Hali ni nyingine kabisa iwapo, vipande vya shaba vinavyounganisha koili tatu vikiwa vimeondolewa, koili mbili zinasoma vizuri na moja inasoma sifuri. Unyevu hauchagui koili moja kiasi hicho. Hapo pana tundu lililoungua au waya uliokwaruzwa ukagusa chuma, na aghalabu tiba ni kusuka upya. Vilevile namba nzuri haifuti kila shaka: mizunguko miwili ya koili ileile ikigusana, Megger haitaona lolote, kwa kuwa kifaa hicho hupima kati ya koili na bodi, au kati ya koili na koili nyingine, wala hakipimi mzunguko na jirani yake.