Je, wajua kwanini antena ndefu haikupi FM safi?

Mi niliamini miaka mingi antena ikizidi urefu ndo inashika zaidi. Nilipokuwa nimepanga chumba Tabata nilivuta waya wa kama mita kumi toka dirishani mpaka kwenye mwembe, na FM ikaendelea kukwaruza vilevile. Imani hii ina chanzo chake, wazee wetu walisikiliza masafa mafupi, enzi za RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam) na BBC, mawimbi yale yana urefu wa mita 10 hadi 100, kwahiyo waya mrefu juu ya mti ulisaidia kweli kabisa. Kosa ni kuihamishia kanuni ile kwenye FM.

FM iko megahezi 87.5 mpaka 108. Chukua 300 gawanya kwa namba ya stesheni, unapata urefu wa wimbi lake kwa mita, yaani stesheni ya 100 ni mita 3. Antena inataka nusu ya hapo, au robo.

Kwanini nusu? Jaza maji beseni la kufulia ulisukume mbele na nyuma. Ukiharakisha maji yanatetema tu, ukichelewa yanatulia, ila ukisukuma pale yanapogonga ukingo na kurudi, yanapanda mpaka yanamwagika miguuni, na hujaongeza nguvu hata kidogo. Umeme ndani ya waya nao unaenda na kurudi hivyohivyo, urefu wa waya ndo beseni lenyewe. Waya ukizidi sana, kipande kimoja kinasukumwa mbele huku kingine kinarudishwa nyuma, vinauana.

Basi nikachukua waya wa spika, nikaupasua katikati kama sentimita 71 kila upande, jumla karibu nusu ya zile mita 3, ukawa herufi T, mkia wake nikauchomeka kwenye yale matundu mawili ya antena nyuma ya redio. Nikaufunga kwenye ufito, kuulaza ikawa afadhali kidogo, kuusimamisha wima tu mkwaruzo ukaisha! Kwako inaweza kuwa kinyume, inategemea stesheni inavyorusha, jaribu zote mbili.

Weka mbali na grili na mabati, na kabla hujakata tamaa sogeza hata hatua moja tu, maana wimbi linalodunda kwenye maghorofa linakutana na lile la moja kwa moja na sehemu nyingine yanafutana.

AM ni habari nyingine, antena yake iko ndani, zungusha redio yenyewe.