Mstaafu Anapokaa kwa Mtoto Mjini: Dhana Potofu na Ukweli

Mtumishi wa umma nchini Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55, na kwa lazima akifikisha 60. Wengi waliojenga Moshi, Njombe au Bukoba hujikuta baadaye wakikaa Dar es Salaam kwa mtoto kwa miezi kadhaa, ama kwa sababu ya kliniki ama kwa kusaidia kulea wajukuu, na huko hupokewa kwa upendo uliochanganyika na dhana kadhaa zisizo sahihi.

Dhana iliyozoeleka kuliko zote ni kwamba mzee amekuja kupumzika, kwa hiyo asiguse kazi. Kijana akimkuta baba yake ameshika fagio huona aibu, na mkwe huhofia kusemwa na mawifi. Matokeo yake, mtu aliyekuwa akiamka saa 11 alfajiri kuwakatia ng'ombe majani hukalishwa kwenye kochi tangu chai ya asubuhi hadi taarifa ya habari ya saa 2 usiku. Hiyo si heshima inayomfaa, kwa kuwa misuli ya miguu isiyotumika hupungua, na miguu ikilegea ndipo mzee anapoanguka bafuni. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na waliotimiza miaka 65 waongeze mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha siku 3 au zaidi. Kumsindikiza mjukuu shuleni kwa miguu na kumwagilia bustani vinahesabiwa humo, ila katika joto la Dar es Salaam la Desemba hadi Machi ni vyema kutoka mapema, kabla jua halijawa kali.

Dhana nyingine inasema adabu ni mzee kuwasubiri wenye nyumba ndipo ale. Hapa kuna hatari ambayo familia nyingi haziifikirii. Mzee amezoea kula saa 1 jioni na kumeza dawa zake za kisukari wakati huohuo. Mwanawe anakwama kwenye foleni ya magari na kufika saa 3 usiku, na chakula kinatengwa saa 4. Mzee akimeza dawa kama vile glibenklamidi, au akijichoma insulini ya mlo, kisha chakula kikachelewa, sukari inaweza kushuka sana: atatetemeka, atatoka jasho jembamba, na pengine ataanza kusema maneno yasiyoeleweka, huku watu wakidhani ni uchovu wa uzee. Kuahirisha dawa kila siku bila ushauri wa daktari nako si suluhisho. Kinachofaa ni kusema wazi tangu siku ya kwanza kwamba mzee atapakuliwa chakula chake kwa saa yake, na wengine wakirudi akae nao mezani kwa mazungumzo. Sioni adabu iliyovunjwa hapo.

Husemwa pia kwamba wazee hawahitaji usingizi mwingi, na kwa hoja hiyo hutandikiwa sebuleni, mahali ambapo televisheni haizimwi hadi usiku wa manane. Mtu wa miaka 65 na kuendelea bado anahitaji takriban saa 7 hadi 8. Kinachobadilika ni kwamba usingizi wake huwa mwepesi na huja mapema, kwa hiyo kama kuna chumba kimoja chenye utulivu, apewe yeye. Wapo pia wanaojinyima maji ili wasisumbue watu usiku, ilhali hisia ya kiu hufifia kadiri umri unavyosonga. Ni afadhali kunywa zaidi mchana na kupunguza baada ya magharibi.

Hatimaye kuna wanaokatisha mapumziko yao wakiamini kwamba uhakiki wa pensheni, yaani kuthibitisha kwamba mstaafu yu hai, hufanyika kwenye mkoa wa nyumbani tu. Pensheni huingia benki popote mstaafu alipo, na wanaolipwa na PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, wanaweza kujihakiki kwa simu janja kupitia programu ya PSSSF Kiganjani, kazi ambayo mjukuu wa sekondari anaweza kumsaidia babu yake wakiwa wamekaa barazani.