Kufundisha upanga uliokosa warithi

Kila Jumanne jioni, kabla sijamruhusu yeyote kurusha pigo, huwapanga wanafunzi wangu wawili wawili, panga zao zimepishana katikati, halafu nawaambia wafumbe macho. Ukumbi wote hunyamaza. Mmoja anasukuma kidogo tu, kiasi ambacho mtu aliyekaa pembeni hawezi kukiona, na mwenzake anatakiwa aseme amesikia nini. Chuma kimekaza au kimelegea? Kinamjia usoni au kimekwenda kando? Mwanzoni wengi hukosea. Baada ya wiki tatu au nne mikono huanza kujibu kabla ulimi haujafunguka, na hapo ndipo najua kwamba naweza kuanza kuwafundisha.

Walimu wa Kijerumani wa karne ya 15 waliliita jambo hili fühlen, yaani kuhisi. Kiswahili hunisaidia kulielewa, kwa sababu sisi tunasikia kwa masikio na kwa ngozi vilevile: tunasikia kelele, tunasikia baridi, tunasikia njaa. Na upanga wa mwenzako, ukigusana na wako, unausikia. Ukingoja mpaka uone kwa macho anakokwenda, umeshachelewa.

Nafundisha mapigano ya panga za kale za Ulaya katika mji mmoja wa Ujerumani, mwaka wa kumi na moja sasa. Nikiwaambia watu wa nyumbani kuwa kazi yangu ni panga, wengi huliona lile la kufyekea shamba. Wangu ni upanga wenye makali pande mbili, unaoshikwa kwa mikono miwili, urefu wake kama sentimita 120 na uzito wake kilo moja na nusu hivi au pungufu. Sinema zimewaaminisha watu kwamba panga hizi zilikuwa mizigo ya kuinuliwa na mabaunsa. Mtoto wa shule anaweza kuunyanyua. Kuutawala ndiko kunakochukua miaka.

Sanaa hii ina matawi mawili, na watu huyachanganya. La kwanza ni vitara vya kikale: foili na epee, silaha nyembamba za kuchoma kwa ncha, na kitara chenyewe, cha kukata, vilivyofundishwa tangu karne ya 18 na ya 19 kabla havijawa mchezo wa taa na nyaya za umeme. Mnyororo wake haukukatika. Domenico Angelo, Mtaliano mzaliwa wa Livorno, alifungua shule London na mwaka 1763 akatoa kitabu chake, na watoto na wajukuu wake wakaendelea kufundisha. Mjini Roma, Masaniello Parise alikabidhiwa mwaka 1884 shule ya serikali ya kuandaa walimu wa vitara. Mpaka leo wapo walimu wanaoweza kukuhesabia: mimi nilifundishwa na fulani, naye na fulani, mpaka unafika huko.

Tawi la pili ni la kihistoria, na huko ndiko niliko mimi zaidi. Upanga wa mikono miwili, upanga na ngao ndogo ya duara, jambia la karne ya 15, mieleka ya waliovaa deraya. Hapa mnyororo ulikatika. Bunduki zilikuja, vita vikabadilika, walimu wakafa, na wanafunzi wao wakaenda kujifunza kitu kingine. Kilichobaki ni vitabu.

Mnyororo usiokatika naujua kwa sababu nimekulia ndani yake. Kwetu Lamu, kwenye harusi na Maulidi, hupigwa kirumbizi: ngoma na zumari, duara la watu, na wawili katikati na fimbo zao. Hakuna aliyenipa karatasi ya kirumbizi. Niliwatazama wakubwa, nikasukumwa ndani ya duara, nikapigwa fimbo ya mkono, nikajifunza. Kwa hiyo nilipofika Ulaya nikakuta watu wazima wameinamia picha ya mtu aliyechorwa miaka mia sita iliyopita, wakibishana mguu wake wa kushoto umeelekea wapi, nilisikitika kwanza. Baadaye nikavutwa.

Maana vitabu vyenyewe ni vya ajabu. Kile cha zamani kuliko vyote vilivyobaki kiko Leeds, Uingereza, kwenye hifadhi ya silaha za kifalme, na hujulikana kwa namba yake tu, I.33. Ni cha mwanzoni mwa karne ya 14. Kina kurasa za ngozi zilizochorwa padri akimfundisha mwanafunzi wake upanga na ngao ndogo, na mwishoni padri yuleyule anapambana na mwanamke, jina lake limeandikwa kabisa: Walpurgis. Wasichana wanaojiunga na darasa langu huwaonyesha wazazi wao ukurasa huo.

Halafu yupo Fiore dei Liberi, Mtaliano wa kaskazini, aliyeandika kama mwaka 1409. Anasimulia kwamba alipigana mara tano na walimu waliomwonea kijicho, kwa panga kali, bila deraya, mikononi glavu za ngozi tu. Kitabu chake kina utaratibu ambao mwalimu yeyote atauheshimu. Anayeonyesha kinga ya shambulio anavaa taji. Mwanafunzi anayeitumia kinga hiyo amefungwa utepe chini ya goti. Anayejua kuivunja kinga hiyo ana vyote viwili, taji na utepe. Ukifungua ukurasa wowote, bila kusoma neno, unajua nani anashinda na somo limefika wapi. Mahali pengine amechora mtu amezungukwa na wanyama wanne: simba wa ujasiri, chuimilia wa wepesi, linksi, yaani paka-mwitu, wa kuona mbali, na tembo aliyebeba ngome mgongoni, wa kusimama imara. Nimeibandika picha hiyo ukutani ukumbini, na mwanafunzi akilalamika kwamba hasongi mbele, namuuliza ni mnyama gani anayempungukia. Karibu kila mara ni tembo. Miguu.

Wajerumani walikwenda njia nyingine. Johannes Liechtenauer hakuacha picha. Aliacha mashairi, beti fupifupi zenye vina, za kuhifadhiwa kichwani kama sisi tulivyohifadhi tenzi utotoni. Waliomfuata wanaeleza kwamba aliyaficha maneno makusudi ili sanaa isimfikie kila mtu. Fumbo mfumbie mjinga, naam, lakini baada ya miaka mia tano wote tumekuwa wajinga. Tunachoshukuru ni kwamba wanafunzi wa wanafunzi wake waliandika maelezo ya kufafanua beti hizo, mojawapo katika mswada wa mwaka 1452 uliohifadhiwa Roma.

Na hata ukiwa na maelezo hayo, bado unaweza kupotea. Katika mapigo matano makuu ya Liechtenauer lipo Zwerchhau, ambalo mimi naliita pigo la mkingamo kwa sababu upanga unalala kukingama. Nililijifunza kwenye semina ya klabu moja, nikalibeba kama lilivyo, nikalifundisha karibu miaka miwili: mikono usawa wa kifua, upanga unazunguka kama mtu anayefagia utando wa buibui. Lilipendeza macho. Lakini kila tulipocheza kwa kasi ya kweli, wanafunzi wangu walipigwa kichwani. Nikawaambia ongezeni kasi. Wakaongeza, wakazidi kupigwa.

Usiku mmoja nikarudi kwenye maandishi, neno kwa neno. Maelezo yako wazi: mwenzako akikupiga kutoka juu, ruka na mguu wa kulia kwenda upande wako wa kulia, na katika kuruka ugeuze upanga ili mpini uwe juu mbele ya kichwa chako, kidole gumba kije chini ya bapa, umpige kwa makali mafupi, yaani yale ya nyuma yanayokuelekea wewe, upande wa kushoto wa kichwa chake. Mpini juu, mbele ya kichwa! Pigo lenyewe ndiyo kinga. Upanga wake unashuka na kukuta chuma cha msalaba wa mpini wako, wakati ncha yako tayari iko sikioni kwake. Sisi tulikuwa tumeitupa ile kinga na kubaki na mfagio.

Jumanne iliyofuata niliwakalisha wote nikawaambia nimewafundisha kosa, na nikawaonyesha mstari wenyewe. Tangu siku hiyo daftari langu la kufundishia lina kurasa za pande mbili. Kushoto naandika kile kitabu kinachosema. Kulia naandika nilichojazia mwenyewe: mahali ambapo kitabu kimenyamaza juu ya mguu, juu ya umbali, juu ya kasi. Mwanafunzi yeyote anaruhusiwa kulifungua. Anayefundisha sanaa iliyokatika bila kutenganisha kurasa hizo mbili anawapa watu mawazo yake na kuyaita urithi.

Kilichonichukua muda mrefu zaidi kukielewa ni kwamba vitabu vimetuhifadhia mambo ya kufundisha, lakini namna ya kufundisha vimehifadhi kidogo sana. Hiyo imebaki kwa wale wa vitara vya kikale. Nilikwenda kwa mwalimu mzee wa foili, nikamwomba anipokee kama mwanafunzi wa kwanza kabisa. Akanipa somo la ana kwa ana: dakika ishirini, yeye na mimi tu, foili mbili zimekutana. Anafungua nafasi, nachoma. Anaifunga nikichelewa. Anabadilisha umbali hatua moja bila kusema. Hakunifafanulia chochote, na nilipotoka jasho lilikuwa limeshanieleza. Ndipo nilipoelewa kwamba mwili wa mwalimu ndio ubao wake wa kuandikia. Sisi wa kihistoria tulikuwa tumezoea kupanga watu mistari miwili na kuhesabu moja, mbili, tatu.

Alfred Hutton na rafiki yake Egerton Castle waliliona hilo London mwishoni mwa karne ya 19. Walikuwa wanavitara waliokwishafundishwa barabara, wakautumia ujuzi huo kufufua panga za karne ya 16 mbele ya watazamaji. Hutton alifariki mwaka 1910, miaka minne baadaye Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza, na juhudi ile ikafifia. Ilibidi tungoje mpaka miaka ya 1990, intaneti ilipoanza kusambaza picha za miswada.

Wengine huniuliza kwa nini nisiwaache wanafunzi waende kwenye mchezo wa Olimpiki. Wapo waliokwenda na nawapenda. Ila epee iliunganishwa na umeme kwenye Olimpiki ya 1936, foili ikafuata 1956, na tangu hapo taa ndiyo hakimu. Kwenye foili, ncha inahitaji kubonyezwa kwa nguvu ya gramu 500 tu. Basi watu wakagundua kwamba ufito ule unaweza kupindwa hewani kama fimbo ya kuvulia samaki, ncha ikaangukia mgongoni. Taa inawaka. Upanga wenye makali haupindi hivyo. Sheria ya zamani ya foili, kwamba aliyeshambuliwa akinge kwanza ndipo ajibu, ilitokana na enzi ambazo watu walicheza bila barakoa, na wawili wakichomana kwa pamoja jicho la mtu lilikwenda. Sisi wa kihistoria nasi tumeanza kuambukizwa: mashindano yameongezeka, na wachezaji wanaofurahia kumgusa mwenzao huku wakiguswa wenyewe wameongezeka nayo. Mashindano kadhaa yameweka adhabu. Darasani kwangu wawili wakipigana kwa pamoja, wote wanatoka, wanavua barakoa, na mmoja anaeleza walichokosea. Hawalipendi zoezi hilo.

Mwingereza George Silver, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1599 na kingine kikakaa bila kuchapishwa mpaka 1898, alisisitiza jambo moja kuliko yote: mkono uanze, mwili na mguu vifuate. Walimu wa foili wa Italia wanasema vilevile, mkono unyooke kabla mguu haujaondoka. Mtu anayetanguliza mguu anauleta uso wake kwenye ncha ya mwenzake huku silaha yake ikiwa bado nyumbani.

Sasa naandaa wa kunipokea. Yupo dada mmoja, fundi seremala, yuko nami mwaka wa sita. Mwezi huu nimeanza kumfundisha kutoa somo, kwa hiyo mimi ndiye ninayevaa barakoa na koti zito, na yeye ndiye anayefungua nafasi. Mara mbili za mwanzo aliharakisha, akanifungulia nafasi kubwa kama mlango wa ghala. Mara ya tatu alitulia. Panga zikakutana, akalegeza kidogo sana, nikasikia, nikaenda.

Akashusha upanga wake. "Mwalimu," akasema, kwa kuwa neno hilo la Kiswahili wameshalichukua darasani, "mguu umetangulia."

Nilitazama chini. Ulikuwa umetangulia. Tukaanza upya.