Maji ya simtanki si nyuzi 20, na dhana nyingine potofu za kusafisha filamu

"Dakika nimefuata zilezile zilizoandikwa, basi kamera ndiyo mbovu." Kauli hii huja na negativu nzito, mawingu yamekuwa meusi tii hata mwanga haupenyi, na kamera yenyewe haina kosa. Watu wameaminishana kwamba joto lina maana kwa filamu za rangi tu, zile za nyuzi 37.8, na kwamba nyeusi na nyeupe husafishwa kwa maji yoyote ya bomba mradi saa iangaliwe.

Dakika zile ni za nyuzi 20! Filamu nyeusi na nyeupe ya HP5 Plus katika ID-11, developa (dawa ya kutokeza picha) iliyochanganywa 1+1, yaani sehemu moja ya dawa kwa moja ya maji, hukaa dakika 13 kwa joto hilo. Sasa fungulia maji ya simtanki Dar es Salaam au Mombasa mchana wa Februari uone kipimajoto kinasomaje: nyuzi 28, mara nyingine zaidi. Kila nyuzi inayopanda hupunguza muda kwa takriban asilimia 10. Dakika 13 zinakuwa 9 kwa nyuzi 24, na kwa nyuzi 28 hubaki kama 6. Anayemwaga developa ya nyuzi 28 akasubiri dakika 13 ameipa filamu mara mbili ya muda wake. Sehemu za kivuli hazifaidiki sana, lakini sehemu zenye mwanga huzidi kujaa na chembe hujitokeza.

Kabla ya kulaumu kamera, tazama ukingo wa negativu. Namba na jina la filamu vilipigwa mwanga kiwandani, kamera haikuvigusa. Herufi zikiwa nyeusi mno na zimetanuka, developa imezidi. Zikiwa za kawaida huku picha ni nzito, hapo kakague mita yako ya mwanga.

Kufupisha muda peke yake hakutoshi. ID-11 isiyoongezwa maji hutaka dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20, na kwa nyuzi 28 zinashuka hadi 3 na nusu. Chini ya dakika 5 developa haiwahi kuenea sawasawa, ndipo unapoona mabaka na michirizi angani. Kwa mtu wa pwani nasisitiza 1+1 kwa nyuzi 24, dakika 9. Hesabu yake ni nyepesi. Tangi la filamu mbili za 35 mm huchukua mililita 600: ikiwa stoki yako (developa ambayo haijaongezwa maji) ina nyuzi 29, pima mililita 300, ongeza mililita 300 za maji yaliyopozwa hadi nyuzi 19, na mchanganyiko utatua kwenye 24. Hakikisha kwa kipimajoto, usikisie kwa kidole. Barafu usiitie kwenye dawa, maana ikiyeyuka huvuruga vipimo. Itie kwenye beseni lililosimamishwa chupa. Tangi nalo likae kwenye beseni la nyuzi 24, kwa sababu chumba chenye joto na viganja vyako vitalipandisha. Geuza mara 4 katika sekunde 10 za mwanzo za kila dakika, ligonge mezani kuondoa mapovu, lirudishe majini.

Fiksa (dawa ya kuimarisha picha baada ya developa) na maji ya kusuuzia visipishane na developa kwa zaidi ya nyuzi 5. Jelatini iliyolowa ni laini, na ikishtuliwa kwa joto inaweza kufanya mikunjo midogo ambayo haifutiki tena.

Eti taa nyekundu haidhuru filamu? Hiyo ni taa ya karatasi za kuchapishia nyeusi na nyeupe. Filamu kama HP5, FP4 na Tri-X zinaiona rangi nyekundu vizuri kabisa. Giza liwe totoro mpaka kifuniko cha tangi kifungwe, na simu iache nje ya chumba.

Fiksa nayo haipimwi kwa kuitazama rangi. Kata kipande cha ulimi wa filamu (ncha yake ya mwanzo isiyo na picha), kitumbukize, hesabu sekunde hadi kiwe angavu, kisha ipe filamu yako mara mbili ya muda huo. Kipande kikianza kuchukua mara mbili ya kilivyochukua kwenye fiksa mpya, hiyo imekwisha. Negativu zenye ukungu kama maziwa hazijaharibika: zirudishe kwenye fiksa mpya, hata taa ikiwa inawaka.

Wala huhitaji bomba litiririke nusu saa, hasa penye mgao wa maji. Kama fiksa haina dawa ya kukaza jelatini, jaza tangi, geuza mara 5, mwaga. Jaza tena, geuza mara 10. Kisha mara 20. Maji ya visima vya pwani huacha madoa ya chumvi, kwa hiyo msuuzo wa mwisho uwe wa maji yaliyokenekwa. Anika bafuni mlango ukiwa umefungwa, kibanio kizito chini, bila feni wala draya ya nywele: vyote viwili hurusha vumbi kwenye jelatini mbichi, na likishakaukia humo halitoki.